Kaka anataka nyumba ya mama iandikwe jina lake kabla hajapelekwa nyumba ya wazee

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kitindamimba wa watoto watatu. Tuko Uingereza, mimi na mama Leicester, kaka yetu London. Mama ana miaka 83. Alikuja huku na marehemu baba mwaka 1972, akashona soksi na fulana kiwandani zaidi ya miaka ishirini, baba akiendesha basi. Mwaka 1983 wakanunua nyumba ya vyumba vitatu, ile iliyoungana ukuta na majirani pande zote mbili. Baba alifariki 2016, na nyumba imebaki kwa jina la mama peke yake. Madalali wanasema inafika pauni 260,000. Benki mama ana kama pauni 31,000.

Mwaka jana daktari alituambia kuwa mama ana Alzeima. Tulikwisha kuona dalili, lakini tukisema ni uzee. Sasa mambo yamezidi. Mara mbili kaacha gesi wazi. Ramadhani iliyopita alitoka saa nane za usiku, baridi inakata, kavaa kanga tu na ndara, anagonga milango ya watu kuwaamsha daku. Jirani Mgujarati ndiye aliyemrudisha. Funguo za nyumba anazifunga kwenye ncha ya kanga, na kila Magharibi anauliza kama mlango wa Malindi umefungwa. Malindi, Unguja, ndiko ilikokuwa nyumba ya wazazi wake, iliyochukuliwa baada ya Mapinduzi.

Afisa wa kaunsili, yaani halmashauri ya mji, alikuja kumtazama, akasema huenda wakati wa kea homu, nyumba ya wazee, umekaribia. Dada yetu mkubwa, ambaye ndiye anakaa naye tangu 2018 aliporudisha flati yake ya kaunsili, amekwisha. Ana miaka 61 na mgongo haumpi usingizi. Tumepata nyumba moja ya wazee inayopika chakula cha halali na yenye wafanyakazi wawili Wasomali. Wanataka pauni 1,250 kwa wiki. Nimepiga hesabu: ni pauni 65,000 kwa mwaka. Nyumba ya wazazi wetu itamalizika kwa miaka minne, mitano ikienda sana.

Kaka amepata mtu anayeandikia watu wasia na amana, anatoza pauni 3,000. Amemwambia nyumba ihamishwe jina la kaka sasa hivi, na ikipita miaka saba kaunsili haiwezi kuigusa. Baadaye kaka atatugawia kisharia. Anasema pia serikali imeweka kikomo, hakuna mtu atakayelipa zaidi ya pauni 86,000 maisha yake yote, kwa hiyo tusiogope. Miadi ya kusaini ni baada ya wiki mbili. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumpeleka mama kwa sababu mimi ananisikiliza. Nikisita, kaka ananiambia nimeiuza nyumba ya baba kwa kaunsili.

Shangazi, je, huu ni wizi au ni haki yetu? Na hata kama ni haki, utafanya kazi? La mwisho naona haya kuliandika: kila nikifikiria kumpeleka mama kea homu nasikia sauti za watu wa kwetu.

Kitindamimba, Leicester

*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana, na mpe pole mama.

Mwambie kaka yako miadi ile aifute. Asiisogeze mbele, aifute. Sababu nitakupa, lakini nianze na jambo ambalo nadhani wote watatu hamjaliona.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimwona kaka, mara ya pili mama. Mara ya tatu ndipo nilipomwona dada, umemficha kwenye sentensi moja pamoja na mgongo wake. Hukuniambia yeye anasemaje. Nadhani hakuulizwa.

Nimekaa London miaka 24, nikipokea watu kwenye ofisi ya ushauri, na mafaili ya namna hii yamepita mikononi mwangu mengi. Kanuni za England ziko hivi. Mtu akienda kukaa moja kwa moja kwenye nyumba ya wazee, kaunsili inapima mali yake. Akiwa na zaidi ya pauni 23,250 anajilipia mwenyewe, na kwa kawaida nyumba yake inaingia katika hesabu hiyo. Lakini kuna watu ambao wakiwa wanaishi ndani ya nyumba ile, haihesabiwi hata senti: mume au mke, mtoto wake aliye chini ya miaka 18, jamaa mwenye ulemavu, na jamaa aliyetimiza miaka 60. Sharti ni kwamba awe anaishi humo, na ndiyo maskani yake, tangu kabla mwenye nyumba hajaondoka.

Dada yako ana miaka 61. Yumo humo tangu 2018. Flati yake kairudisha, hana kwingine.

Basi nyumba ya mama haihesabiwi. Hapa afisa hana hiari ya kukubali au kukataa, ni lazima. Na itakuwa hivyo muda wote dada anaishi mle. Kaunsili ikimlipia mama kwa miaka hiyo, haiji kudai fedha hizo kwenye nyumba baada ya mama kufariki. Mnahangaika kuizungushia ua nyumba ambayo mlinzi wake amelala chumba cha pili, na mpango wa kaka ndio ungemtoa mlinzi huyo.

Ufikirie mpango wenyewe. Nyumba ikishakuwa ya kaka, dada anakaa humo kwa hisani yake. Kaka akiachana na mkewe, nyumba inaingia kwenye mgawanyo. Akifilisika, wadai wanaiona. Akitangulia mbele ya haki, Mungu amwepushe, nyumba ni ya warithi wake, na mama na dada ni wapangaji wasio na mkataba. Sisemi kaka yako mbaya. Nilimpokea mzee mmoja wa kwetu aliyemwandikia nyumba mwanawe, kijana mwema, anaswali, anamlisha baba yake. Kilichokuja kuwafika ni talaka ya yule kijana. Mzee alinijia na mkoba mmoja, anakaa chumba cha kupanga juu ya duka la kuku.

Hiyo miaka saba ni ya kitu kingine kabisa, kodi ya urithi, na watu wameichanganya mpaka imekuwa kama hadithi ya mtume. Kodi hiyo haiwahusu: inaanza kwenye mali inayozidi pauni 325,000, na mama nyumba na akiba yake yote hazifiki 300,000. Hata ingewahusu, zawadi ya nyumba ambayo mtoaji anaendelea kuishi bure ndani yake haihesabiwi kuwa imetoka. Kwa upande wa gharama za matunzo hakuna miaka saba, wala kumi. Kaunsili inauliza mambo mawili: wakati mali inatolewa, je, mtu alikuwa na sababu ya kutarajia kwamba atahitaji matunzo? Na je, kukwepa kuyalipia kulikuwa sehemu kubwa ya nia yake? Mama ana cheti cha daktari cha mwaka jana na afisa amekwisha kuja nyumbani. Hapo hakuna wa kusema hatukujua. Kaunsili inaruhusiwa kumhesabia mama nyumba ile kana kwamba bado anayo, na Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014 inairuhusu kumfuata hata aliyepewa. Na siku kaka akiiuza, kwa kuwa yeye haishi humo, ataulizwa kodi ya faida iliyopatikana tangu alipopewa. Angeirithi, hesabu ingeanzia thamani ya siku mama alipofariki.

Kile kikomo cha pauni 86,000 kiliahidiwa kweli, kianze Oktoba 2025. Julai 2024 serikali mpya ikakifuta kabla hakijazaliwa. Mtu anayetoza pauni 3,000 kwa ushauri alipaswa kulijua hilo.

Sasa nije kwenye neno "kusaini", maana hili ndilo lililonikasirisha. Mahakama za huko zinasema mtu anayetoa mali yake kubwa kuliko zote kama zawadi anahitaji ufahamu wa kiwango kile kile cha mtu anayeandika wasia: ajue anatoa nini, kina nani wengine wangestahili, na kitakachobaki kwake. Iko kesi maarufu ya 1978, Re Beaney: mama mwenye ugonjwa kama wa mama yenu alimwandikia nyumba binti yake mmoja, wale watoto wengine wakaenda mahakamani, zawadi ikabatilishwa. Kwa hiyo hata karatasi ikipita, inaweza kuja kuangushwa, na mtakuwa mmekwisha kugombana.

Lakini iache mahakama. Unaniambia mama kila jioni anauliza kama mlango wa Malindi umefungwa. Mtu aliyekwisha kuchukuliwa nyumba moja, umpeleke kwa mkono wako, kwa kuwa wewe anakusikiliza, akaandike kuitoa ya pili asijue anaandika nini? Ukifanya hivyo hutanisamehe mimi niliyekunyamazia, wala hutajisamehe mwenyewe.

Umeuliza kama ni wizi. Kupanga mambo yako ukiwa mzima, kwa sababu zako, si wizi. Kila mtu anafanya. Mzee wa miaka 60 mwenye afya akigawa mali yake, simwiti mwizi. Nyie hampangi ya kwenu, mnapanga ya mama. Nyumba ile hamjairithi, kwa sababu mama yu hai, na kwa sheria yetu wenyewe hakuna mirathi ya aliye hai. Kama siku moja ingebidi iuzwe ili alale pasafi, apakwe mafuta na alishwe halali, ingekuwa imefanya kazi aliyoinunulia. Yeye ndiye aliyeshona soksi. Wala sielewi kaka anagawaje kisharia kitu kilichoandikwa ni chake peke yake. Hiyo ni hiba kwa mtoto mmoja na wengine wametazama, na hadithi ya Nu'man bin Bashir, ambaye baba yake alimpa zawadi yeye peke yake na Mtume akakataa kuishuhudia, naamini mliisoma chuoni.

Wiki mbili hizi za miadi zitumieni hivi.

Kwanza ni karatasi ya uwakili wa kudumu. Ziko mbili, moja ya fedha na mali, ya pili ya afya na malazi, na ada ya kusajili haifiki pauni 100 kwa kila moja. Mwenye Alzeima hajakatazwa kuzisaini, mradi mtu anayestahili athibitishe kuwa siku ile ameelewa anachofanya, na kuelewa "fulani na fulani wanisaidie nikishindwa" ni kwepesi kuliko kuelewa kugawa nyumba. Mwandikeni dada na wewe, na kaka pia akitaka, ili pasiwe na wa kufanya peke yake. Mpelekeni asubuhi baada ya chai, si Magharibi wakati wa Malindi. Ikiwa ameshapita hapo, itabidi muombe Court of Protection, mahakama ya mambo ya wasioweza tena kujiamulia, imteue msimamizi; njia ndefu, yenye gharama na ripoti za kila mwaka.

Pili, je, ni kweli wakati wa kea homu umefika? Dada amechoka kwa sababu anafanya peke yake kazi ya watu watatu. Kama anahudumia saa 35 au zaidi kwa wiki, na hana mshahara mkubwa, upo ujira wa mlezi wa pauni 80 na ushee kwa wiki. Kwa hilo mama lazima kwanza awe anapata posho ya kuangaliwa, ambayo kiwango chake cha juu kinazidi pauni 100 kwa wiki na haiulizi una akiba gani. Mnaipata? Hukuitaja, na nimeona familia nyingi za kwetu zimekaa miaka bila kuiomba. Kodi ya kaunsili ya nyumba ile nayo inapunguzwa kwa robo au hata nusu kukiwa na mtu mwenye ugonjwa huo na mlezi wake. Dada ana haki ya kupimwa yeye mwenyewe kama mlezi, apewe siku za kupumzika. Na huduma ikija nyumbani, thamani ya nyumba ya mama haiingii kabisa katika hesabu ya malipo. Kitu kidogo: kuna vali ya kufunga gesi na kengele ya mlango inayolia usiku. Ombeni.

Mambo yakiwa mazito zaidi, dai apimwe kwa ile huduma ya NHS, idara ya afya ya serikali, inayolipia kila kitu, kwa wale ambao shida yao kubwa ni ya kiafya. Wengi wanakataliwa, nakwambia mapema, lakini haigharimu kuomba na nyumba haiguswi wala kuulizwa.

Na ikiwa ataenda? Hesabu yako ya miaka minne haipo, kwa sababu nyumba haimo. Iliyomo ni ile pauni 31,000 na pensheni yake. Kwa bei ile, baada ya pensheni na posho, atakula akiba karibu pauni 900 kwa wiki, na yapata miezi miwili atafika 23,250. Hapo kaunsili inaanza kuchangia. Pensheni yake itakwenda huko karibu yote, abakiwe na kama pauni 30 kwa wiki za mfukoni, na akiba itaendelea kupungua taratibu hadi 14,250, ambapo haiguswi tena. Msishtuke kwa hili moja: kaunsili ina bei yake, na pauni 1,250 huenda ikaizidi. Wakati huo nyie watoto mtaulizwa kama mtaongeza tofauti. Kaka mwenye pauni 3,000 za mtu wa amana, hapo ndipo pa kuziweka. Msikubali kabla hamjauliza ni nyumba gani kwa bei ya kaunsili inayoweza kumpa chakula chake na desturi zake, maana hayo nayo ni mahitaji, wanapaswa kuyazingatia.

Dada akihama au akitangulia, kinga inaondoka. Hata hivyo haina maana nyumba inauzwa kesho yake. Kuna mkataba wa kuahirisha malipo: kaunsili inalipa, inaweka rehani kwenye nyumba, inachukua fedha zake itakapouzwa baadaye. Unatozwa riba, kwa hiyo muulizeni sheikh wenu mapema. Nimeona walioona hawana njia nyingine, na waliokodisha nyumba wakalipia kwa kodi yake. Likibaki deni, mnajua mpangilio: deni kwanza, wasia, kisha mirathi.

Kuhusu wasia, mama kama hana, na hajauandika ungali ufahamu upo, sheria ya Uingereza itaigawa nyumba mafungu matatu sawa. Kisharia kaka ana nusu na nyie robo robo. Vyovyote vile dada atajikuta na robo au theluthi ya nyumba aliyoacha flati kwa ajili yake, bila pa kulala. Kaeni sasa, mkubaliane atakaa humo mpaka lini, mkiandike, mtie saini nyote. Wasia kwa mrithi unasimama wengine wakiridhia, basi ridhieni.

Na hizo sauti za watu wa kwetu nazijua, hata mimi zilinisumbua kwa mama yangu mwenyewe. Unguja ukisema nyumba ya wazee mtu anafikiria Sebleni au Welezo, mahali pa asiye na mtu. Mama yenu ana watu. Kuna binti anayeweza kwenda kila siku na kanga safi na uji, akaondoka akalala, kesho akarudi ana uso. Na watakaosema, waulize nani kati yao aliwahi kukaa na mama usiku mmoja dada akalala. Ukisikia wengine wanashauri arudishwe Zanzibar, jibu kuwa posho inakatika, pensheni inabaki pale pale bila nyongeza ya kila mwaka, na mlango wa Malindi anaouliza una watu wengine ndani.

Dada yako nimsalimie kwa mkono wako, na umfikishie hili leo leo: asihame. Akienda kupumzika kwa ndugu, aende na mkoba tu. Barua zake za benki, za daktari, jina lake kwenye daftari la wapiga kura, vyote viwe kwa anwani ile, na aviweke kwenye bahasha moja pamoja na karatasi ya kurudisha flati. Afisa wa fedha wa kaunsili akija, yeye ndiye afungue mlango.